ACTB kama jeni ya rejea kwenye msuli wa kondoo: je, desmini imepanda kweli?

sampuli85
Wakuu, nalinganisha kwa qPCR (kunakili DNA kwa mizunguko na kuipima) jeni ya desmini, protini ya kiunzi cha msuli, DES, kwenye msuli wa mgongo wa kondoo: vijusi vya siku 85 na wanakondoo wa miezi 6. Kila sampuli imeanza na ng 500 za RNA, rejea (jeni ya kulinganishia, inayodhaniwa haibadiliki) ni ACTB peke yake. Wastani wa Ct (mzunguko ambao ishara huonekana; ikiwa ndogo, RNA ya jeni hiyo ni nyingi):

Vijusi: DES 22.1, ACTB 17.8
Miezi 6: DES 22.0, ACTB 20.3

Kwa ΔΔCt (kutoa Ct ya rejea, kisha kulinganisha makundi mawili) desmini imepanda mara 6. Niandike hivyo?

zimua5
Usiandike kwanza. DES imesimama palepale. Iliyosogea ni ACTB, mizunguko 2.5, yaani imepungua mara 5.7 hivi kwa kiasi kilekile cha RNA. Hiyo "mara 6" karibu yote imetoka kwenye rejea.

Na si kosa la pipeti. ACTB ni aktini ya kiunzi cha seli. Myoblasti, seli changa za msuli, huihitaji ili zitambae na kugawanyika. Zikishaungana kuwa nyuzi, ACTA1, aktini ya msuli wenyewe, hushika nafasi na ACTB hushuka. Nyuzi za msuli wa kondoo karibu zote huundwa kabla ya kuzaliwa, kwa hiyo umelinganisha tishu inayojengwa na iliyokwisha kujengwa. ACTB inayobaki baadaye hutoka zaidi kwenye mishipa ya damu na tishu unganishi, ndiyo maana kipande chenye utando mweupe mwingi nacho huyumbisha Ct. Uondoe kabla ya kugandisha.

eksoni_mbili
Kagua na praima (vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha kunakili). ACTB ina jeni bandia (nakala zisizofanya kazi) zisizo na introni, vile vipande vinavyotenganisha eksoni kwenye DNA, hivyo praima za kuvuka maungio ya eksoni, zinazotosha kwa jeni nyingi, hapa hazikukingi na DNA ya jenomu. Tumia DNase, kimeng'enya cha kuvunja DNA, halafu kila sampuli iwe na kisima kisichotiwa kimeng'enya cha kugeuza RNA kuwa cDNA. Kikichelewa mizunguko 7 nyuma ya kisima chenye kimeng'enya hicho, uchafu ni chini ya 1%. Kikichelewa 3 tu, sehemu moja ya nane ya ulichosoma ni DNA. Tena protini za ACTB na ACTG1, aktini nyingine ya kiunzi cha seli, hutofautiana kwa amino asidi 4 tu. Weka praima moja kwenye UTR ya 3' (mwisho wa RNA usiotafsiriwa kuwa protini), huko ndiko jeni hizo zinakoachana, na uichore kwa mfuatano wa kondoo, si wa binadamu.

sampuli85
Basi nihamie GAPDH?

zimua5
Hapana mkuu, hiyo ni ya glikolisisi (uvunjaji wa glukosi kupata nishati), na msuli hubadili njia ya kupata nishati kadiri unavyokua. Jaribu YWHAZ, RPLP0, HPRT1, TBP, B2M na SDHA (hii ya mwisho ni ya mitokondria, iangalie kwa jicho kali) kwa sampuli 10 hivi za umri zote mbili. Kila praima ipimwe kwa ngazi 5 za kuzimua, mteremko wa Ct dhidi ya logi ya kiasi uwe kati ya -3.1 na -3.6. Kwenye geNorm, programu ya kupima utulivu wa jeni za rejea, chukua idadi ya jeni inayoshusha V (badiliko linaloletwa na kuongeza jeni moja zaidi) chini ya 0.15, kisha tumia wastani wao wa kijiometri. ACTB na ACTG1 usiziingize pamoja: zikishuka sambamba, geNorm itaziona ndizo tulivu kuliko zote.

eksoni_mbili
Ukienda kwenye protini (western blot, kupima protini kwa kingamwili kwenye membreni) mtego ni uleule: kingamwili inayoshika aktini zote itasoma ACTA1, na mkanda utatokea palepale kDa 42, ukubwa wa aktini. Paka rangi protini yote ya kwenye membreni, ugawanye kwa hiyo.