Malalamiko: Tumeuziwa kifaa cha kuharakisha mtandao, kimefungwa ovyo, na nywila tumenyimwa

Ndugu wanajamvi,

Ninaandika nikiwa na hasira, na sababu ninazo. Mimi ni fundi wa mtandao katika tawi letu la Mwanza, linalotegemea seva zilizoko makao makuu, Dar es Salaam. Miezi miwili iliyopita kampuni iliyotuuzia kifaa cha kuharakisha trafiki ilimtuma mtaalamu wake aje akifunge kati ya swichi na ruta, na tangu siku hiyo kazi iliyokuwa ikienda polepole ikawa haiendi kabisa. Pingi, yaani vijumbe vidogo vya kupima kama njia iko wazi, zilipita zote bila kupotea hata moja, lakini mhasibu akifungua faili la megabaiti tano aliweza kwenda kunywa chai na kurudi kabla halijafunguka.

Kwa majuma matatu tuliambiwa kwamba kosa ni la mtoa huduma wa intaneti, nami nikamsumbua bure, jambo ambalo bado linaniuma. Hatimaye jioni moja, watu walipokwisha kutoka, nilichomoa waya wa umeme wa kifaa hicho. Rilei (swichi ndogo ya umeme) ya ndani ikalia "ta!" na kuziunganisha poti zake mbili, yaani matundu ya kuchomekea waya za mtandao, moja kwa moja, kama inavyotakiwa kifaa kinapozimika, na faili lile lile likafunguka papo hapo. Nilipokiwasha, uzito ukarudi.

Nikaingia kwenye ruta. Poti inayotazamana na kifaa ilikuwa kwenye nusu dupleksi, yaani kutuma na kupokea kwa zamu, na hesabu ya migongano iliyochelewa (data kugongana wakati utumaji umeshaendelea, dalili ya mipangilio isiyolingana) ilipanda kila nilipoisoma upya. Mtaalamu alikuwa ameilazimisha poti ya kifaa iwe megabiti 100 kwa sekunde na dupleksi kamili, yaani kutuma na kupokea kwa wakati mmoja, ilhali ruta yetu ilikuwa imewekwa ijipatanishe yenyewe na mwenzake. Poti inayojipatanisha ikikutana na iliyolazimishwa huweza kuitambua kasi, lakini dupleksi haiwezi kuitambua, hivyo huangukia nusu; upande mmoja ukawa unatuma wakati wowote, na mwingine ukihesabu kwamba umegongwa na kuikatisha pakiti yake, yaani kifurushi cha data. Pingi ni ndogo na hupita moja moja, ndiyo maana hazikuonyesha kitu. Fundi anayelipwa kufunga vifaa vya namna hii hana udhuru wa kutolijua jambo hili.

Kwa kuwa nywila ya msimamizi hatukupewa, nilichoweza ni kuilazimisha poti ya ruta nayo iwe vivyo hivyo. Makosa yamekoma, ila najua nimetega mtego: siku kifaa kitakapozimika, ruta iliyolazimishwa itakutana na swichi inayojipatanisha, na ugonjwa ule ule utahamia kwenye swichi. Dawa yake ni kupatanisha poti zote nne, na mbili kati ya hizo siruhusiwi kuzigusa, ingawa kifaa ni mali yetu.

Tena kuna proksi, yaani mpatanishi anayeombea kompyuta kurasa kwa anwani yake mwenyewe. Vivinjari vyote vilielekezwa kwenye kifaa, poti 3128 (hii ni namba ya huduma, si tundu la waya), bila orodha ya anwani za ndani zisizopaswa kupitia humo. Mfumo wetu wa stoo humtambua mtumiaji kwa anwani ya kompyuta yake. Sasa ukawa unaona anwani moja tu, ya kifaa, kwa hiyo karani mmoja akiingia, mwenzake anatolewa nje akiwa katikati ya kuandika hati ya kupokelea mzigo. Hilo nimelirekebisha mwenyewe, kompyuta moja baada ya nyingine.

Nilipowapigia simu kampuni iliyotuuzia, walinijibu kwamba kurudi Mwanza ni safari mpya ya kulipiwa. Sikubali. Poti hizo zirekebishwe kwa gharama yao, tukabidhiwe nywila, na mipangilio yote iandikwe, poti kwa poti. Barua ya madai nimeshamwandalia meneja aitie saini. Kama kuna aliyewahi kudai nywila ya kifaa alichokinunua kwa fedha zake, naomba anieleze alipitia njia gani.