Walioua kaka yetu wanasomewa adhabu Jumatano, tuombe wanyongwe ama?

Wa Mpakani
Habari zenu ndugu. Niko Busia upande wetu wa Uganda. Mwaka juzi kondo, majambazi wa usiku, waliingia kwa kaka yetu mkubwa saa nane za usiku, siku hiyo hiyo alikua ameuza ng'ombe dume na soko nzima ilimuona akihesabu pesa. Mbwa walimtupia nyama yenye sumu, mlango wakaupiga na jiwe la shemeji la kufulia, na walimkata na panga lake mwenyewe lile lilikua linakaa nyuma ya mlango wa jikoni. Shemeji alikua chini ya kitanda ameziba mtoto mdomo, akasikia sauti akaijua, ni kijana alikuja asubuhi kusaidia kufunga ng'ombe kamba. Alikunywa chai kwetu huyo!!

Sasa Korti Kuu imewapata na hatia wote wawili, kuua na wizi wa mabavu. Jumatano ni adhabu, na mwendesha mashtaka anasema familia inaweza kuongea. Sisi vijana tunataka kamba. Mama hataki na hasemi kwa nini. Kwani Uganda bado wananyonga ama tutapiga kelele bure?

Kijana wa Masaka
Pole sana ndugu. Wanyongwe, hakuna maswali hapo. Huku kwetu 2021 wazee walikua wanakatwa mapanga usiku, zaidi ya 20, mtu unalala na nguo umevaa na shoka kando ya kitanda. Ati muuaji anakula posho na maharage kwa kodi ya mjane? Hapana.

Karani Mbale
Pole sana kwa msiba. Mimi kazi yangu ni kubeba mafaili ya wakili kwa hiyo nitasema vile najua. Zamani ukipatikana umeua ni kamba tu, jaji hana la kuchagua. Susan Kigula na wenzake 417, wafungwa waliohukumiwa kifo, wakashtaki serikali, na Januari 2009 Mahakama ya Juu ikasema jaji lazima aachiwe nafasi ya kupima. Ikasema pia, mtu akikaa miaka mitatu baada ya rufaa ya mwisho bila kunyongwa, adhabu inageuka kifungo cha maisha. Sasa piga hesabu: raia wa mwisho kunyongwa gereza la Luzira ilikua 1999, watu 28. Kwa hiyo Jumatano mnaweza kusikia neno kifo, na bado wakazeekea ndani. Ama jaji aanzie miaka 35, ndio muongozo wa adhabu wa 2013 unasema kwa kesi hizi, halafu apandishe ama ashushe.

Halafu kuna kitu watu hawaambiwi. Kwa wizi wa mabavu sheria inataka korti iamuru mkosaji alipe fidia, ISIPOKUA amehukumiwa kifo. Kama hao vijana wana shamba ama hata ng'ombe, muulizeni mwendesha mashtaka kabla ya Jumatano. Shemeji yenu ana mtoto wa kulea.

Mama Swabra
Poleni. Lakini niulize, ushahidi ni hiyo sauti tu? Edmary Mpagi alihukumiwa kifo 1982, yule aliyesemekana ameuawa alikua mzima anatembea! Alikaa na hiyo hukumu miaka 18 mpaka 2000 ndio akatoka, na binamu yake waliyefungwa pamoja akafia humo.

Kijana wa Masaka
Mama Swabra hiyo ni mtu mmoja. Sisi tulizika wangapi?

Mama Swabra
Na huyo mmoja angekua mwanao?

Wa Mpakani
Si sauti tu mama, simu ya kaka ilipatikana kwa dari ya huyo kijana, na mwenzake alionyesha afande mahali walifukia panga.

Karani asante, hiyo ya fidia hakuna mtu alitwambia. Nimesomea mama yote jana jioni kwa Kisamia. Ya kamba hakuuliza tena. Amesema ataongea yeye Jumatano, sisi tukae kimya. Swali lake lilikua moja, kama lile panga litawekwa tena pale mezani, maana siku ya ushahidi lilikaa mbele yake mchana mzima na kitambaa chekundu alichofunga marehemu kwa mpini bado kiko.

Karani Mbale
Mwambie mwendesha mashtaka mapema, asubuhi kabla jaji hajaingia. Anaweza kuomba lisitolewe.