Kipupwe kinanizima: taa, kutembea Alfajiri au seredani chumbani, kipi bora?

MshonaViua (Kikwajuni, Unguja)
Assalaam alaykum wana jukwaa. Kila mwaka masika yakishamalizika na kusi likaanza kupiga, mimi huzimika kama kibatari. Siumwi, sijafiwa, hakuna aliyenikera. Ila naamka mzito, nakula mara mbili ya kawaida, na kazi siitaki.

Kazi yangu ni kushona kofia za viua. Kofia moja hunichukua mwezi na nusu nikikaza. Nina oda mbili za harusi ya mwezi wa tisa, na hiyo ya kwanza bado iko robo. Naitoa, nashona viua vitatu, vidole vimekakamaa, naikunja nairudisha kwenye kikapu.

Nina njia tatu mbele yangu na sijui niishike ipi. Kaka yangu yuko Sweden, kaniletea taa bapa nyeupe, pana kama sinia. Anasema huko watu hukaa mbele yake asubuhi wakati wa baridi, roho zikachangamka. (Plagi yake ina miguu miwili ya duara, nimezunguka Darajani yote mpaka nikapata adapta.) Mume wangu anasema niache kurudi kulala baada ya Alfajiri, nitoke nikazunguke uwanja wa Maisara. Mama anasema yote hayo ni mambo ya kizungu, niwashe seredani (jiko la makaa) chumbani, nifunge madirisha, nijitande shuka, ninywe tangawizi nishone hapohapo.

Wenye uzoefu semeni.

KahawaChungu
Njia ya nne: urojo wa moto, pilipili nyingi. Ukishindwa kuchangamka hapo basi tena.

Mpemba_Barafuni (Stockholm)
Waalaykum salaam dada. Kwanza samahani, nimecheka. Usiku wenu wa mwezi wa saba ni nyuzi 21 hivi, na mimi juzi hapa nimetoka na fulana kwa nyuzi hizohizo, watu wanaota jua bustanini. Lakini sikudharau, nakuja huko.

Taa hiyo naijua vizuri, ninayo mwaka wa sita. Wengi wanaikosea kwa sababu wanadhani inapambana na baridi. Baridi tunapambana nayo kwa nguo: ya ndani sufi, juu yake sweta, juu kabisa koti lisilopitisha upepo, kwisha. Kinachoangusha watu huku ni giza. Desemba jua linachomoza karibu saa 3 kasorobo asubuhi, na saa 9 alasiri haijafika limeshazama. Siku nzima ni saa sita. Naenda kazini giza, narudi giza, jua naliona dirishani wakati wa chakula cha mchana, nalo limelala chini kama la magharibi. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nalala masaa kumi na moja na naamka nimechoka, nala mikate tu. Nikidhani nimerogwa, wallahi.

Daktari ndiye aliyenambia kuwa ni maradhi yanayojulikana, unyonge wa moyo unaokuja na majira na kuondoka nayo. Norman Rosenthal na wenzake waliyaeleza kule Marekani mwaka 1984. Taa ni moja ya tiba zake: luksi 10,000, asubuhi mapema, dakika 20 mpaka 30, unaiweka karibu kwa pembeni, unakula au unasoma, huikodolei macho. Mwenye maradhi ya macho, au yule ambaye hisia zake hupanda sana kisha zikaporomoka, asiiguse kabla ya kumuona daktari.

Sasa turudi Kikwajuni. Luksi ni kipimo cha mwanga. Sebuleni kwako usiku chini ya globu hupati hata mia tano. Nje, hata siku ya mawingu, ni maelfu, na jua likitoka kidogo tu unaipita taa yangu mara kadhaa. Na siku zenu hazifupiki: Juni na Desemba zinapishana kwa dakika 40 hivi tu. Wewe taa unayo mlangoni na haihitaji adapta. Ila kama unakaa ndani madirisha yamefungwa, basi umejitengenezea Sweden yako mwenyewe.

Kwa hiyo mimi namuunga mkono shemeji. Ila usitoke ukarudi kabla jua halijachomoza. Kipupwe linatoka saa 12 na nusu na ushee. Zunguka mpaka likupige usoni.

NesiMstaafu
Mama mzazi tumheshimu, tangawizi anywe, tena atie na mdalasini. Lakini seredani kwenye chumba kilichofungwa HAPANA. Nimesema kwa herufi kubwa makusudi. Makaa yakiungua pasipo hewa hutoa kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu. Inashika nafasi ya oksijeni kwenye damu. Utaanza na kichwa kuuma, kichefuchefu, uzito, usingizi. Na wewe umeshatuambia kuwa kipupwe unakuwa mzito na usingizi, kwa hiyo utadhani ni mambo yako yaleyale, ujilaze. Hapo ndipo watu hawaamki. Seredani iwe uani au barazani, pasha mikono, rudi ndani.

La pili. Ukiona wiki mbili zimepita huna raha na chochote, hulali au unalala kupita kiasi, unajiona huna thamani, usingoje kusi liishe. Nenda kituo cha afya ueleze. Watu wakisikia Kidongo Chekundu, hospitali yetu ya maradhi ya akili, wanadhani ni pa wanaookota makopo, sivyo.

Jahazi_Makunduchi
Mnajadili luksi. Sisi huku mashariki kusi si unyonge wa moyo, ni mfuko. Bahari ya nje imechafuka, ngalawa zinaishia ndani ya mwamba, mtu anarudi na tasi watatu wa kitoweo. Hamu ya kazi ninayo tele, kazi ndiyo haipo. Nikikaa barazani saa nne asubuhi wapita njia wanadhani mvivu. Sasa taa ya Sweden itanifaa nini mimi, nivulie dagaa?

KahawaChungu
Hiyo taa kweli ukivulia dagaa utawapata 😂

Jahazi_Makunduchi
Umeme wa kuichomekea uniletee wewe kwa pipa.

Mpemba_Barafuni (Stockholm)
Kaka Jahazi umesema kweli na sina jibu la taa kwa hilo. Marehemu babu yetu, Allah amrehemu, kusi lote alikuwa akisuka majarife, yaani nyavu, na kuyatia viraka. Nilikuwa nikidhani anahitaji majarife. Nimeshakuwa mtu mzima ndio nikajua alikuwa anahitaji kusuka.

Mkarafuu (Wete)
N'kwambieni na mie wa Pemba. Dada mshonaji hajataja unyevu, na mimi nauona ndio mzizi. Baridi ya kwetu si ya nyuzi, ni ya maji. Nguo zinakaa kamba siku tatu hazikauki, shuka unajifunika lina ubaridi kama limelowa, buibui la kabatini limeota ukungu mgongoni. Nyumba zetu zimejengwa zipitishe upepo, kusi linaingia mlango wa mbele linatokea uani. Huyo wa Stockholm ana nyuzi 21 na ukuta mkavu. Tusichekane.

Mimi karafuu zikiwa tayari sina nafasi ya kunyong'onyea. Zikishachumwa na kuchambuliwa vikonyo lazima ziingie juani, siku nne tano hivi, na wingu likitanda mbio ukazikunjie jamvi. Siku moja nilikuwa nimejilaza nasikilizia mvua za rasharasha, huku nikijiambia nitanyanyuka, nitanyanyuka. Mtoto wa jirani kapiga ukelele tu, "Ami, karafuu!" Nilifika uani bila kiatu. Kumbe nguvu nilikuwa nazo, nilikuwa nasubiri kuitwa.

Kwa hiyo ushauri wangu haumo katika hizo tatu. Usishone peke yako. Tafuta mwenzio wa kushona naye, mkae barazani upande usio na upepo, kila mmoja na kofia yake. Ukichelewa atakuita.

NesiMstaafu
Hilo la Mkarafuu naliunga mkono, na uzuri wake barazani kuna mwanga pia.

MshonaViua (Kikwajuni, Unguja)
Narudi baada ya siku kumi na nane, samahani kwa kimya.

Maisara: siku nne za mwanzo nilikwenda nikinung'unika. Siku ya tano mvua, sikwenda, na siku hiyo nilirudi kulekule, nikala maandazi sita kitandani. Hapo ndipo nikaamini kuwa kuna kitu. Sasa nakwenda, nikiona limenyesha nakaa barazani nusu saa na chai yangu mpaka kupambazuke vizuri. Siwezi kusema nimekuwa mpya. Uzito bado upo mpaka kama saa tatu hivi, ila zamani ulikuwa unafika adhuhuri.

Kushona na mwenzangu: nimempata bibi mmoja mtaa wa pili, anashona kofia tangu kabla sijazaliwa. Hanihimizi kwa maneno. Anashika tu kofia yangu, anaitazama, anairudisha. Inatosha! Ya kwanza imebaki upande mmoja wa juu, ya pili nimeshaichora.

Seredani iko uani. Mama alikasirika siku moja, nikamsomea maneno ya Nesi, akanyamaza, kisha akaenda kufungua dirisha la chumbani kwake bila kusema kitu.

Na taa. Asubuhi siitumii tena, nje kunanitosha. Lakini usiku nikiiwasha, uzi mweupe kwenye kitambaa cheupe nauona kama mchana, vile viua vya ukingoni vidogo kama punje za mtama sikosei hata kimoja. Bibi naye kaiona, sasa baada ya Isha anakuja na kofia yake. Kaka kapiga simu jana kuuliza kama taa inafanya kazi. Nikamwambia inafanya kazi sana. Sikumwambia kazi gani.