Naomba ushauri: zahanati pembeni ya duka la dawa Kigoma mjini, tutibu nini na nini kiende hospitali ya rufaa ya mkoa, Maweni?

Tabibu_Mwanga

Wakuu heshima kwenu, wakubwa shikamooni.

Mimi ni tabibu, elimu ya diploma, niko Mwanga hapa Kigoma mjini. Shemeji yangu ana duka la dawa muhimu siku nyingi na wateja anao. Sasa amepangisha chumba cha pembeni, anataka tufungue zahanati: mimi nitibu, yeye abaki na dawa. Mashine ya presha ipo, ya sukari ipo. Kinachonisumbua ni wagonjwa wenyewe.

Kuna wale wa chapchap: homa, kikohozi cha mtoto, kuharisha, mkojo unaochoma. Halafu kuna wazee wa presha na sukari. Baadhi wanashuka Kibirizi na boti toka Mwamgongo au Kagunga, wananunua vidonge vya wiki, wanarudi, utawaona tena Mungu akipenda. Shemeji anasema tutibu wote, "mteja haachwi". Na kila mwenye homa anataka aambiwe ana UTI na taifodi, achomwe sindano aondoke. Usipomchoma anakuona hujasoma.

Waliowahi kukaa kwenye zahanati za namna hii, nishike magonjwa gani? Na hawa wa presha na sukari niwafuatilieje? Natanguliza shukrani.

Mjomba_Katubuka

Fungua mkuu, unasubiri nini. UTI na taifodi ndio mtaji wenyewe hahaha.

Mama_Famasi

Usimsikilize huyo. Kabla ya magonjwa, kibali. Duka la dawa muhimu liko chini ya Baraza la Famasi, na kibali chake ni cha kutoa dawa za kwenye orodha yake, si kuchoma sindano wala kumtundikia mtu dripu nyuma ya shelfu. Zahanati inasajiliwa peke yake. Mkaguzi akikuta mnapitishiana sindano dirishani, mnafungiwa pande zote mbili.

Jambo la pili, mshahara wako usitegemee dawa ulizoandika. Weka kwenye mkataba. Shemeji ni shemeji, ila ukilipwa kwa dawa zilizotoka, kila kikohozi kitageuka nimonia.

Mstaafu_Ujiji

Marahaba kijana. Bandika ukutani orodha ya unachotibu, na iwe fupi. Wamarekani walianza hivyo mwaka 2000 kule Minneapolis: kliniki ndogo ndani ya maduka, anakaa muuguzi aliyesomea kutibu, magonjwa machache na bei yake imeandikwa. Lisilokuwepo kwenye orodha anaelekezwa pengine. Baadaye wengine wakapanua wakaingiza na presha na sukari, na si wote waliotoboa. Walmart ilitangaza kufunga vituo vyake vyote 51 mwaka 2024, ikisema gharama zimezidi na malipo hayatoshi. Mwambie shemeji hilo.

Homa: pima malaria kila mara kabla ya dawa mseto. Ila mRDT, kile kipimo cha haraka cha malaria, inaweza kuendelea kuonyesha chanya wiki kadhaa baada ya mtu kupona, kwa hiyo aliyemaliza dozi juzi mtafutie darubini. Ikitoka hasi, iamini, tafuta chanzo kingine. Na Widal moja, kipimo cha damu cha taifodi, isikufanye umpe mtu taifodi. Damu inaweza kubeba alama za ugonjwa wa zamani au wa jambo jingine kabisa.

Mkojo: mwanamke asiye mjamzito, unachoma, hana homa wala maumivu ya kiuno, huyo ni wako. Mwanaume, mjamzito, au mwenye homa na kiuno, mwandikie rufaa.

Mtoto mwenye kikohozi ndiyo kazi hasa. Mama amshike ametulia, shati lifunuliwe, uhesabu pumzi dakika nzima kwa saa. Si sekunde 15 ukazidisha. Miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi ni haraka. Mwaka mmoja hadi asifike mitano, 40 au zaidi. Kama haijafika huko, kifua hakibonyei ndani na hakuna dalili nyingine, amoksilini ya nini? Akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege au akilegea hajitambui, dozi ya kwanza, barua, Maweni. Kuharisha: ORS na zinki siku 10 hadi 14. Basi.

Sista_Isevya

Mimi ni nesi Tabora, kliniki ya presha na sukari. Mstaafu kamaliza ya chapchap, mimi niseme ya wazee.

Mzee katoka Kibirizi na gunia la dagaa, anafika anahema, unamfunga kitambaa juu ya koti huku anakusimulia bei ya soko. Hapo umepima safari, hujapima presha. Mkalishe dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono mtupu mezani usawa wa moyo, asiongee. Pima mara 2. Ikiwa 140/90 au zaidi, rudia siku nyingine kabla hujamwita mgonjwa wa presha. Ila 180/120 na kifua kinauma, macho hayaoni vizuri au upande umelegea, huyo tafuta gari.

Sukari ya asubuhi kabla ya kula, 7.0 mmol/L au zaidi, nayo irudiwe. Akiwa chini ya 4, jasho linamtoka na anatetemeka lakini anaweza kumeza, maji ya sukari kwanza, maswali baadaye.

Daftari sasa. Jina, simu ya mtu wa nyumbani, kipimo, dawa, tarehe vidonge vinapoisha. Tarehe ya kurudi iwe siku anayoleta mzigo mjini, si siku unayotaka wewe. Muulize dawa za maumivu: diklofenaki inapandisha presha na kuumiza figo, na madukani inauzwa kama pipi. Amlodipini, dawa ya presha, ikimvimbisha miguu ataiacha kimyakimya, mwambie mapema. Vipimo vya figo na macho vya kila mwaka, hospitali.

Mjomba_Katubuka

Sista, mzee wa Kagunga anakupa elfu mbili, anasema nipe vya hapo.

Sista_Isevya

Kama kipimo chake kinaruhusu, bora dawa moja ya bei nafuu anayomeza mara moja kwa siku, imfikishe mwezi, kuliko tatu za wiki.

Tabibu_Mwanga

Nimewaelewa sana. Na anayekataa kuondoka bila sindano?

Mstaafu_Ujiji

Mwonyeshe kipimo chake cha malaria, mstari mmoja yaani hasi, auone kwa macho. Mwambie dalili zikizidi aje hata leo usiku, na homa isiposhuka siku ya 3 arudi, kumwona tabibu bure.

Tabibu_Mwanga

Bure shemeji atazimia, ila nitamwambia. Orodha ya ukutani naianza leo. Nikipata usajili nitaleta mrejesho.

Mama_Famasi

Mkataba kwanza.