Naomba ushauri: je, protini za kwenye shahawa zinaweza kuniepusha na kukatwa kinyama cha korodani?

Msubirivu: Wanajamvi, nina miaka 34 na ndoa yetu imetimiza miaka mitatu bila mtoto. Nimepima shahawa mara mbili, na mara zote karatasi ya majibu ilionyesha sifuri kwenye idadi ya mbegu, ingawa ujazo ulikuwa mililita 3. Daktari anataka kukata kinyama cha korodani ili ajue kama mbegu hazitengenezwi au zinatengenezwa ila njia imeziba. Nimesikia kuna protini zinazoweza kujibu swali hilo bila kisu. Nisubiri kipimo hicho? Nakiri kwamba naogopa.

Hadubini: Pole sana, ndugu yangu. Ulichosikia ni kweli. Mwaka 2013 watafiti wa Toronto, Kanada, walichapisha matokeo kuhusu protini mbili: TEX101, inayotoka kwenye seli zinazozaa mbegu ndani ya korodani, na ECM1, inayotoka kwenye epididimisi, yaani mrija uliojikunja nyuma ya korodani ambamo mbegu hupita. Njia ikiziba, ECM1 hushuka sana kwenye shahawa kwa sababu haina pa kupita. Mbegu zisipotengenezwa huku njia ikiwa wazi, ECM1 huendelea kuonekana, na hapo TEX101 ndiyo hudokeza hali ya korodani zenyewe. Ujazo wako usikupe jibu la haraka, kwani sehemu kubwa ya shahawa hutoka kwenye vifuko vya shahawa na tezi dume, si kwenye korodani.

Baba Mapacha: Nilipita njia hiyo hiyo. Uliza kama sampuli ilizungushwa kwenye mashine na mashapo yake yakaangaliwa, maana mimi niliyeandikiwa sifuri nilikutwa na mbegu chache kwa namna hiyo. Je, homoni ya FSH, ile inayochochea korodani kutengeneza mbegu, imepimwa?

Msubirivu: Haijapimwa, na wala korodani hazijapapaswa.

Hadubini: Basi anza na hayo. FSH iliyopanda pamoja na korodani ndogo huelekeza kwenye tatizo la utengenezaji. Nisingekushauri usubiri kipimo cha protini, kwa kuwa bado si cha kawaida katika kliniki nyingi. Ikibidi kukatwa kinyama hicho cha korodani, uliza mapema kama mbegu zitakazopatikana zitagandishwa, usije ukakatwa mara mbili.

Msubirivu: Nashukuru sana. Hilo la kugandisha hakuna aliyenitajia. Nitamuuliza daktari kabla sijatia saini fomu.