Replikanti wa sita wa Blade Runner: fumbo la makusudi au kosa la hesabu?

Wadau, hoja ya replikanti wa sita imeibuka tena na leo nataka niijibu kwa kirefu, maana naona watu wanalisifia kosa ambalo mwenye filamu mwenyewe alishalifuta.

Kwa ambao hawajaiona au wameisahau: Blade Runner ya Ridley Scott ilitoka 1982, na kisa chake kinatokea Los Angeles, Novemba 2019. Replikanti ni watu wa kutengenezwa, wana nguvu kutuzidi sisi, ila wamewekewa ukomo wa kuishi miaka minne. Kundi lao limetoroka kwenye makoloni ya anga za mbali na kurudi duniani. Bosi wa polisi, Bryant, anamwita Deckard (Harrison Ford) awasake na kuwaua. Anamwambia walitoroka sita, wanaume watatu na wanawake watatu, na mmoja alikaangwa na umeme walipojaribu kuvamia kampuni ya Tyrell, inayotengeneza replikanti. Sita toa mmoja, watano. Lakini anaowaonyesha Deckard ni wanne tu: Roy, Leon, Zhora na Pris. Filamu inafika mwisho, na huyo mwingine hatajwi tena.

Hapo ndipo watu wanaposema: aliyekosekana ni Deckard mwenyewe, kafutwa kumbukumbu na kutumwa akawaue wenzake. Nadharia tamu, na kwa miaka kadhaa hata mimi niliishika.

Ukweli ni mkavu zaidi. Kwenye skripti kulikuwa na replikanti wa kike aliyeitwa Mary, na mwigizaji wake alishapatikana. Nafasi yake ikaondolewa, sentensi ya Bryant ikabaki na hesabu ya zamani. Hakuna fumbo hapo. Mhusika alitoka, idadi ikasahaulika.

Najua jibu la upande wa pili: "Hata kama ilianza kama bahati mbaya, Scott aliiacha kwa makusudi." Sasa ndugu zangu, tazameni alichofanya 2007, alipotoa lile toleo la mwisho ambalo alikuwa na usemi wote juu yake. Bryant sasa anasema waliokaangwa ni wawili. Sita toa wawili, wanne, hesabu imekaa sawa. Na Scott ndiye huyohuyo ambaye amesema waziwazi kwamba Deckard ni replikanti, huku Ford akipinga kwa miaka mingi. Mtu anayeamini hivyo, angekuwa na sababu gani ya kufuta kidokezo chake mwenyewe? Ndoto ya Deckard ya farasi wa pembe moja, ambayo Scott aliiingiza kwenye toleo la 1992, aliibakiza. Hicho ndicho kidokezo chake, kwa sababu mwishoni Deckard anaokota farasi huyohuyo, amekunjwa kwa karatasi na Gaff, polisi mwenzake, kana kwamba Gaff anazijua ndoto zake. Anayetaka kutetea kwamba Deckard si binadamu aanzie hapo, nitamsikiliza kwa heshima zote. Asianzie kwa Bryant.

Toleo hilo la 2007 lilisafisha mengi, na ni ushahidi mzuri wa nini wenye kazi wenyewe walikihesabu kuwa kosa. Zhora anapokimbia akivunja vioo, zamani ilionekana wazi kuwa ni mtu mwingine mwenye wigi. Joanna Cassidy akaitwa, miaka 25 baadaye, uso wake ukapigwa picha upya na kupachikwa. Pale Deckard anapomhoji muuza nyoka, midomo ilikuwa haiendani na maneno, wakaazima mdomo wa Ben Ford, mtoto wa Harrison. Hilo ndilo ninalolipenda kuliko yote! Na yule njiwa anayeachiwa na Roy anapokufa, aliyeruka kutoka kwenye usiku wa mvua akaingia kwenye anga la bluu la mchana, sasa anaruka kwenye giza.

Lakini si kila kinachoitwa kosa ni kosa. Mdau mmoja ameleta tarehe: Roy alianza kuishi Januari 8, 2016, kwa hiyo miaka minne ingetimia Januari 2020, mbona anakufa Novemba 2019? Mimi sioni tatizo. Miaka minne ni ukomo wa mwili, hautimii kwa siku ya kalenda kama muda wa kibali cha kusafiria. Tyrell mwenyewe, aliyewaumba, anamwambia Roy kwamba mwanga unaowaka kwa nguvu maradufu hudumu nusu ya muda, na yeye amewaka sana. Mikono yake inaanza kukakamaa mbele ya macho yetu. Leon, wa Aprili 2017, alikuwa bado na mwaka na zaidi, na hakuonyesha dalili hiyo hata mara moja. Tarehe na miili vinakubaliana.

Linaloninyima usingizi ni jingine. Filamu inaanza na askari Holden akimhoji Leon kwa kile kipimo cha maswali na mboni ya jicho, ili ajue kama ni replikanti, na Leon anampiga risasi. Muda mfupi baadaye Bryant ana picha za wote wanne, sura zao na tarehe zao. Kama picha zilikuwepo, Holden alikuwa anapima nini? Angemtazama tu usoni. Unaweza kusema picha zilifika baada ya Holden kupigwa, ila watu 23 walishauawa kwenye utorokaji huo wiki mbili nyuma, na polisi wamekaa muda wote huo bila kuomba picha? Hili toleo la 2007 halikuligusa.

Mwenye maelezo yanayotoka ndani ya filamu yenyewe ayalete, nayasubiri.