Dainamo "imesukwa upya" kumbe imepakwa rangi tu, mafundi mnatumaliza wenye Land Rover za zamani!

Wakuu nina hasira leo mnivumilie. Nina Land Rover 109 ya 1964, Series IIA, zile ambazo chanya ya betri ndo imefungwa kwenye bodi, walikuja kugeuza 1967. Dainamo yake Lucas C40 ilikata chaji nikampelekea fundi umeme mmoja anayesifiwa sana kwa gari za kizamani, nikamwambia kabisa kaka suka upya amecha (kile kiini chenye waya kinachozunguka ndani), badili kaboni na bushi ya nyuma, na hii gari ni chanya bodi. Akapokea hela yote. Inarudi nyeusi tii inang'aa, nafunga, nawasha, taa nyekundu ya chaji haizimi hata ukanyage mafuta vipi.

Namrudia, "bosi betri yako imekufa". Nanunua betri. Taa iko palepale. "Basi ni regyuleta bosi", yaani kile kidude kinachodhibiti chaji. Nikasema hapana, hanili tena, nikachukua mita nikapima mwenyewe.

Na kupima kwenyewe ni kitu kidogo ndo maana naumia!! Unachomoa waya zote mbili za dainamo, D ile kubwa na F ndogo, unaziunganisha hizo nati mbili kwa kipande cha waya, mita unashika hapo na kwenye bodi, injini sailensa (imewaka bila kukanyaga mafuta) halafu unapandisha taratibu. Ikiwa nzima inapanda fasta bila kuyumba mpaka volti 20, unaishia hapo usipige resi. Isiposoma kitu angalia kaboni, ikisoma kama volti 1 ni fildi koili (zile waya zilizotulia kuzunguka amecha), ikigota 4 au 5 ni amecha.

Yangu mshale ukaenda kinyume! Yaani kaigusishia umeme kama gari ya hasi bodi wakati nilimwambia kwa mdomo wangu. Nikagusisha waya kutoka upande wa moto wa betri (ule usiofungwa bodi) kwenye F, mara moja tu, ikakaa sawa. Napima tena, inapanda, inagota 4. Sasa fikirini amecha ingekuwa nzima huku umeme umegeuzwa vile, katauti (swichi inayounganisha dainamo na betri) ingefunga na platini zake zingeungua zikagandana.

Nikaifungua. Kaboni mpya kweli, ila ncha bapa, hazijapigwa msasa zifuate duara la komyuta (ile shaba ya amecha ambayo kaboni zinasugua). Komyuta yenyewe imeliwa mfereji, maika (kihami kilicho kati ya vipande vya shaba) imelingana na shaba haijachimbwa hata kidogo, risasi imeyeyuka imerukia ndani ya bodi, na waya za amecha ni zilezile za zamani vanishi imeungua. Hakuna kilichosukwa hapo, ni petroli na rangi ya kupuliza, na bushi bado inacheza.

Nampigia anasema "bosi hizo zimepitwa na wakati funga altaneta". Altaneta ya kawaida kwenye chanya bodi, bila kugeuza gari zima, si diodi zinaungua hapohapo? Na huyu anaitwa fundi umeme.

Hela ya kusuka namdai na atanirudishia. Walioko Dar, Moro, Arusha, nani anamjua mtu anayekereza komyuta na kuchimba maika vizuri, na anayekupimia D na F mbele ya macho yako kabla hujalipa? Amecha nimeshaitoa, naileta hata kesho.